Mama mkubwa anasema ni udata, mimi nadhani mtoto hasikii

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma mwaka wa pili hapa Dar es Salaam, shahada ya odiolojia na tiba ya usemi na lugha. Kwa kifupi ni kozi ya masikio, kuongea na kumeza, ingawa nyumbani nimeshachoka kuieleza. Tangu mama yangu afariki nalelewa na mama mkubwa, Tandika, na yeye ndiye anayenisomesha. Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu tu. Ada inayobaki, nauli na kula vinatoka kwenye biashara yake ya mitumba.

Mama mkubwa ana mjukuu, mtoto wa binti yake, ambaye tunaishi naye nyumba moja. Ana miaka minne na miezi miwili. Sote tunamwita Babu kwa sababu amerithi jina la marehemu babu yetu. Babu haongei, Mama. Maneno yake hayafiki kumi, na tunaoyaelewa ni sisi tuliomzoea: maji anasema "mai", samaki "amai", soksi "oi". Ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki. TV anaisogelea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Lakini mtaa wa pili wakifungulia spika za singeli, Babu ndiye wa kwanza kukimbilia uani kucheza.

Mama mkubwa ameshaamua kuwa ni udata, kwamba ulimi umeshikwa na kile kinyama cha chini na akikatwa ataongea. Kuna mzee Mbagala anakata kwa wembe, anachukua elfu ishirini na kuku. Walikuwa waende mwezi uliopita, wakaahirisha kwa sababu ya msiba. Sasa imepangwa mwisho wa mwezi huu.

Hapa ndipo nilipoharibu. Jumamosi moja nilibaki na Babu peke yetu. Nikagonga mfuniko wa sufuria nyuma yake, akageuka. Nikamwita kwa sauti ya kawaida, kimya. Nikatikisa funguo, kimya. Nikapakua programu ya kupima usikivu kwenye simu, nikamvisha spika za masikioni, ikaleta mchoro wenye rangi nyekundu. Jioni tukiwa tunaosha vyombo uani nikamwonyesha dada, mama yake Babu, nikamwambia, "Dada, huyu mtoto hasikii. Yale masindano aliyochomwa alipolazwa akiwa mchanga ndiyo yaliyoua masikio." Dada aliiacha sahani kwenye beseni, akaingia ndani.

Kesho yake mume wake, ambaye yuko Morogoro kikazi, akapiga simu kusema kwao hakuna ukoo wa viziwi. Mama mkubwa akaniita sebuleni, mbele ya wapangaji. "Nimekusomesha uje umwite mjukuu wangu kiziwi? Mbona ngoma ikilia anacheza?" Halafu akamalizia, "Wewe si unasomea kuongea? Basi jifunze kwanza kunyamaza."

Ni wiki ya tatu sasa hanisemeshi zaidi ya kuitikia salamu. Ada ya muhula ujao sijui itatoka wapi. Chuoni nako wenzangu wa ufamasia wananitania kuwa nitaajiriwa na kasuku. Nimeanza kufikiria kuhama kozi. Na mwisho wa mwezi unakaribia, wembe unamsubiri Babu. Nifanyeje?

Mnyamazishwa, Tandika

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na Babu, maana wewe na mama mkubwa mna miaka ya kupatana, yeye hana. Mtoto wa miaka minne asiyegeuka akiitwa, mwenye maneno yasiyofika kumi, anatakiwa apimwe masikio na watu wenye vifaa, na apimwe kabla hajaguswa ulimi. Ulichokiona wewe ni dalili, na umekiona vizuri. Ulichomwambia dada yako ni majibu, na majibu hukuwa nayo.

Sasa vumilia nikugombeze kidogo. Unajua kuliko mimi kwamba ile programu ya simu haikupima kitu. Kabla ya kukujibu nilimpigia mtaalamu mmoja wa usikivu ninayemfahamu, akacheka kwanza kisha akanung'unika. Kipimo cha kweli hufanyika kwenye chumba kilichozuiwa kelele, kwa spika zilizopimwa na kurekebishwa ili desibeli 20, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ziwe 20 kweli, si 20 za simu moja na 45 za simu nyingine. Na mtoto anafundishwa kwanza namna ya kujibu. Wewe ulimvisha spika mtoto ambaye hajui unataka nini, bodaboda zinapita nje, halafu ukaamini rangi nyekundu. Kama mwanafunzi mwenzako angekuletea mchoro huo darasani ungemcheka.

Hilo la masindano ni baya zaidi. Ni kweli zipo dawa za sindano, jentamaisini ni mojawapo, ambazo zinaweza kuharibu usikivu. Lakini ugonjwa uliomlaza unaweza kuharibu vilevile: homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga. Na wapo watoto wanaozaliwa hivyo, sababu haijulikani. Hukusoma faili lake. Halafu fikiria dada yako alisikia nini pale kwenye beseni. Nani alimbeba mtoto akampeleka hospitali? Nani alimshika mguu ili achomwe? Ulidhani unamtaja muuguzi, kumbe ulikuwa unamtaja yeye. Ndiyo maana sahani ilibaki kwenye maji.

Basi, nimemaliza kugomba. Na usidhani nakusemea juu ya mti. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi, Temeke hiyo hiyo, na mwaka mmoja nilikuwa na kijana aliyekaa nyuma. Nikisema "fungueni madaftari" yeye anafungua la mwisho, baada ya kuchungulia jirani. Nikamwita mvivu. Nilikuwa nikimvuta sikio, mwanangu, sikio lile lile ambalo lilikuwa linatoa usaha na mimi harufu yake nilidhani ni uchafu wa kutooga. Aligunduliwa na daktari mwaka uliofuata, alipokwenda kutibiwa malaria. Kwa hiyo ukiniambia kuna mtoto hageuki, mimi silali.

Tuje kwenye singeli, kwa sababu hapo ndipo mama mkubwa amesimamia na hoja yake si ya kijinga. Watu wengi wanadhani usikivu ni kama swichi ya taa: umewaka au umezimika. Mtoto akigeukia mlango uliobamizwa, basi anasikia, kesi imeisha. Lakini wewe umeuona mchoro wa usikivu darasani, una safu nzima, kutoka sauti nzito za hezi 250 mpaka nyembamba za hezi 8,000, na mtu anaweza kuwa mzima upande mmoja akawa gizani upande wa pili. Spika za singeli ni besi, na besi hata kiziwi kabisa huipokea kwa nyayo na kifua. Mfuniko wa sufuria ni kelele kubwa ya karibu. Funguo ni sauti nyembamba, jina lake likitajwa kwa sauti ya kawaida ni sauti ndogo.

Halafu tazama maneno yake uliyoniandikia. "Mai", "amai", "oi". Mimi si mtaalamu, nimefundisha tu watoto kusoma a-e-i-o-u kwa miaka, lakini hapo naona irabu zimebaki na konsonanti zimeanguka, isipokuwa m, ambayo nayo ni nzito. Sauti za s, k, f ni nyembamba na hazina nguvu, ndizo za kwanza kupotea. Na Kiswahili chetu kinatufichia tatizo. Karibu kila silabi yetu inaishia na irabu, kwa hiyo mtoto anayezipata irabu peke yake anaushika wimbo wa neno zima, anaimba "a-a-i" mbele ya sahani ya samaki, na nyumba nzima inamjazia yaliyobaki kwa mapenzi. Hata hivyo usiende kumwambia mtu kwamba nimesema Babu hasikii sauti nyembamba. Wapo watoto wanaosikia vizuri kabisa na wanadondosha konsonanti, wapo wenye usonji wasiogeuka wakiitwa huku masikio ni mazima. Ndiyo maana ya kupima.

Na udata? Upo, si uzushi. Kuna watoto wanaozaliwa na kinyama kifupi chini ya ulimi, na wengine kinawasumbua kunyonya, au baadaye kutamka sauti kama l na r. Lakini udata hauwezi kumfanya mtoto asigeuke akiitwa. Wala haumzuii mtoto kujaribu: mwenye udata ataongea sana tu, kwa kithembe chake, atakuchosha. Wembe wa Mbagala ukipita pale chini, kuna mishipa ya damu na kuna njia za mate. Atavuja damu, anaweza kupata maambukizi, na wiki mbili baadaye atakuwa bado anasema "amai", kwa mdomo unaouma.

Sasa cha kufanya. Usiende kubishana udata ni nini. Nenda ukaombe msamaha.

Nenda asubuhi ya Jumapili kabla wapangaji hawajaamka, mkiwa wawili. Usiende mikono mitupu, hata kama ni kilo ya sukari. Kaa chini, usisimame mlangoni. Sema, "Mama mkubwa, nilikosea. Mimi bado mwanafunzi, sina mamlaka ya kusema Babu hasikii, na sikupaswa kumwambia dada vile." Ona kwamba hayo si maneno ya kumbembeleza. Ndio ukweli wenyewe wa kazi yako, kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili hatoi majibu ya mgonjwa bila msimamizi. Kwa bahati ndio ukweli anaotaka kuusikia. Halafu nyamaza. Aseme. Atasema mengi, na mengine yatahusu mama yako marehemu, na utalia. Sawa.

Akishamaliza, usiombe wasiende kwa yule mzee. Omba waanzie hospitali. Kliniki ya masikio, pua na koo ni mlango mmoja, ulimi wanautazama hapo hapo na sikio wanalitazama hapo hapo. "Mama mkubwa, kama ni udata, daktari auone na kama ni wa kukatwa akatwe kwa ganzi." Huo si ujanja, kwa sababu kweli atautazama ulimi. Mama mkubwa anapata alichotaka, Babu anapata anachohitaji, na hakuna aliyeshindwa mbele ya mwenzake. Barua ya rufaa anzieni kituo cha afya cha karibu.

Kabla ya hapo, ongea na dada yako, na huko utaomba msamaha mwingine, wa sauti ya chini zaidi. Mtoto ni wa kwake. Mimi ninazijua nyumba zetu, bibi akiishakaa kwenye kiti chake mama wa mtoto anakuwa kama mgeni, lakini wa kujaza fomu na kueleza mimba ilikuwaje, alizaliwa vipi, alilazwa kwa nini, ni yeye. Mwambie akusanye kadi ya kliniki na makaratasi ya kulazwa, kama yapo. Shemeji yako wa Morogoro mwacheni kwa sasa. Aliyesema kwao hakuna ukoo wa viziwi ana hofu tu, na hofu yake haina hata msingi: watoto wengi wasiosikia wamezaliwa na wazazi wanaosikia. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika, maambukizi ya masikio, magonjwa ya utotoni, shida za wakati wa kuzaliwa, dawa. Ukoo hapo unaingia mara nyingine, mara nyingine hauingii kabisa.

Siku ya kliniki wewe kaa kwenye benchi, uwe mtu wa kubeba mkoba na chupa ya maji. Wakikuuliza chochote jibu kama ndugu. Natamani nione uso wako utakapoona mwenzako wa mwaka wa nne anashika kile kifaa cha kumulikia sikio kwa namna usiyoipenda, lakini utanyamaza. Wataanza kwa kutazama ndani, maana huenda ni nta iliyojaa, au maji nyuma ya ngoma ya sikio, na hayo yana tiba. Watapima kama ngoma inacheza. Kisha, kwa umri wake, watampima kwa mchezo: kila akisikia mlio anaweka kitu kwenye ndoo. Mtoto asiyeelewa mchezo huo huenda akarudishwa nyumbani na tarehe nyingine, na tarehe nyingine kwa mtu wa Tandika ni nauli nyingine na siku nyingine ya kufunga biashara. Hapo ndipo unaweza kumsaidia kweli, nitarudi.

Majibu yakija kuwa ni shida ya ndani ya sikio, si mwisho wa dunia, ila ni mwanzo wa kazi. Kuna shime sikio, kifaa cha kuvaa, ambacho hakimpi mtoto lugha siku hiyo hiyo. Kinampa sauti, lugha anafundishwa, na kufundisha huko ndiko unakosomea. Kuna upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio kwa wale ambao shime sikio haitoshi. Zamani watoto walikuwa wakipelekwa India kwa ajili hiyo, tangu 2017 unafanyika Muhimbili. Na kuna lugha ya alama, ambayo mama mkubwa ataiogopa kuliko yote kwa kudhani mtoto akiishika hataongea tena. Haimzuii. Mtoto mwenye lugha yoyote mkononi anapata pa kuanzia. Shule ya Viziwi Buguruni ipo tangu 1974, si mbali na kwenu, na ukipita pale saa ya mapumziko utaona watoto wanagombana, wanataniana, wanasengenya mwalimu, vyote kwa mikono. Kiziwi si tusi. Mama mkubwa analisema kama tusi kwa sababu amelisikia likitumika hivyo maisha yake yote. Usimsahihishe siku ya msamaha.

Sitakudanganya kuhusu muda, unaujua. Kanuni mnayofundishwa ni kumpima mtoto masikio kwa mara ya kwanza kabla ya mwezi 1, kujua tatizo kabla ya miezi 3, kuanza kumsaidia kabla ya miezi 6. Babu ana miaka minne. Lakini naomba neno "mmechelewa" lisitoke mdomoni mwako nyumba ile. Anayechelewa ni yule anayejua njia akaacha kwenda, na hawa hakuna aliyewahi kuwaonyesha njia.

Ada. Mwanamke aliyefungua marobota ya mitumba alfajiri miaka yote hiyo akusomeshe hataiacha kazi yake katikati kwa sentensi moja ya uani. Hayo ni maoni yangu, simjui. Ikiwa nimekosea, nenda kwa mlezi wa wanafunzi chuoni mapema, kabla ya wiki ya usajili, usisubiri mpaka jina libandikwe ukutani. Na mweleze mwalimu wako mmoja kilichotokea na Babu, hata lile la programu ya simu. Utagombezwa dakika tano. Kisha huenda akakuambia siku gani kliniki ya watoto ina foleni fupi.

Kuhusu kuhama kozi, sioni sababu hata moja kwenye barua yako. Umeniandikia kwamba umegombana na watu na umetaniwa. Hujaniandikia kwamba kozi huipendi, na mtu asiyeipenda asingebaki nyumbani Jumamosi akitikisa funguo nyuma ya mtoto. Huyo mwenzako wa ufamasia mwulize, mzee akipata kiharusi na kila kijiko cha uji kinampalia, uji unaingia mapafuni, dawa gani ya dukani inamfundisha kumeza? Nani anakaa na mtoto mwenye kigugumizi ambaye ameacha kunyoosha mkono darasani? Nani anamfundisha kutamka "pa" yule aliyeshonwa paa la mdomo lililopasuka na sauti bado inapitia puani? Kasuku hahitaji huduma hizo.

Tena kuna jambo litakukera ukifika mwaka wa tatu, afadhali uanze kukereka mapema. Vipimo vingi vya lugha ya watoto mnavyofundishwa vilitengenezwa kwa watoto wa Kiingereza. Vinahesabu kama mtoto ameweka alama ya wingi mwishoni mwa neno. Babu na wenzake wingi wao uko mwanzoni, na kitenzi chao kimebeba mtu, wakati na jambo kwa pamoja. Mtoto wa miaka miwili wa Tandika akisema "taka maji" badala ya "nataka maji", amedondosha na- kama wadogo wengi wa Kiswahili wanavyofanya, wala si mgonjwa. Wa miaka mitano akisema hivyo hivyo, je? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha kazi iliyotazama matamshi ya watoto 24 wa hapa Dar es Salaam, wa umri wa miaka 3 mpaka 5. Watoto 24, kwa lugha ya mamilioni ya watu. Wengine watahesabiwa na nani, kama wewe umehamia ufamasia?

Sasa kile nilichosema nitarudi. Mpaka siku ya kliniki, usimpime tena Babu. Cheza naye. Mwendee usoni unapoongea, chuchumaa macho yawe sawa na yake, zimeni TV mnapokula, taja kile anachokitazama yeye badala ya kile unachotaka atamke. Msimwambie "sema samaki, ukisema nakupa". Mpe samaki, useme "samaki". Masikioni msimtie pamba za vijiti wala mafuta ya moto.

Na mfundishe ule mchezo. Chukua ngoma au ndoo tupu, mtoto akiwa anakuona. Unapiga mara moja kwa nguvu, yeye anadondosha kisoda kwenye bakuli. Unapiga, anadondosha. Usipopiga, anashikilia kisoda karibu na shavu, anasubiri. Hiyo ya kusubiri ndiyo ngumu, itachukua siku kadhaa, na atadanganya, atavimwaga vyote kwa mpigo akicheka. Akishaushika mchezo akiwa anakuona, inatosha, ya kujificha nyuma yake waachie wenye chumba na vifaa. Mama mkubwa akikuta mnacheza hivyo uani, usimweleze ni mazoezi ya kipimo isipokuwa akuulize. Akikuuliza, mwambie. Akitaka kupiga ndoo yeye, mpe.

Visoda kaokote kwenye grosari ya kona, uvioshe kwa maji ya moto na sabuni, vingine vina ncha za kukata. Uvihesabu kabla na baada ya mchezo, visije vikabaki chini mtoto mwingine akavimeza.